Niletee Tawi, Si Jani

Nawasalimu nyote mlioko Rubondo, Juru na Base Camp. Nawasalimu mlioko mjini Mbarara, madukani na stendi. Nawasalimu na ninyi mliofunga simu kiunoni mnanisikiliza huku mkipalilia. Leo nina habari ya jani.

Juma lililopita mtoto wa dada yangu alinitumia picha. Alikulia hapa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, akabahatika kuhamishiwa Kanada pamoja na mkewe na watoto. Katika picha ameshika jani pana la kijani lenye vidole vitano, na chini yake ameandika: “Mama mdogo, mbele ya nyumba yetu huku kuna mti mkubwa wenye majani kama ya sombe. Je, ni ndugu wa muhogo huu?”

Picha ilikuwa safi, hata mishipa ya jani niliweza kuihesabu. Hata hivyo sikumjibu swali lake. Nilimwandikia maneno manne tu: niletee picha ya tawi.

Huenda alidhani namsumbua. Lakini mimi nimefanya kazi ya kitalu cha miche kwa miaka mingi, na jambo hili nililijua kwa uchungu kabla sijalijua kwa ufundi. Ngoja niwaeleze.

Mwaka mmoja wa kiangazi kikali tulipata jirani mpya. Alikuwa mama aliyekulia mjini, katika nchi kavu ambako watu hawali muhogo. Kila jioni alisikia vinu vya Wakongomani vikilia, akaona majani yakitwangwa, akanusa mawese. Siku moja aliuliza mboga ile huchumwa wapi. Tukamwambia: tafuta mmea wenye jani la vidole, uko kila mahali. Kesho yake alikuja na kikapu kimejaa, akaomba nimwazime mchi. Nilipofunua kikapu, moyo wangu ulishtuka. Majani yote yalikuwa ya mbarika, ameyachuma nyuma ya nyumba mbovu, pale panapotupwa takataka.

Hakuna aliyedhurika siku ile, tunamshukuru Mungu. Lakini kosa halikuwa la yule mama. Lilikuwa letu. Tulimwambia atafute vidole, naye akavipata. Mmea wa mbarika una vidole vingi kuliko hata muhogo.

Na kama tungemwambia jina, je, lingemsaidia? Hebu tuangalie. Makazi haya ya Nakivale yalifunguliwa mwaka 1958, na tangu hapo wamepita na kuishi hapa watu wa mataifa mengi, kila mmoja amekuja na ndimi zake. Majani ya muhogo sisi wa Kongo huyaita sombe. Mtanzania atakwambia kisamvu. Mbarika kwa Mnyarwanda ni ikibonobono, kwa Mganda ni nsogasoga, na pwani kuna waitao mnyonyo. Tena wapo Waswahili waitao mbarika mbono, na huko Tanzania upo mmea mwingine kabisa uitwao mbono kaburi, ule unaopandwa uzio na mbegu zake zina mafuta. Mtu anasema mbono, mwingine anasikia mbono, kila mmoja ana mmea wake kichwani. Jina ni zuri, lakini katika mji wa ndimi nyingi kama huu halitoshi kulinda sufuria.

Basi tukiacha jina na tukiacha sura, tunashika nini? Tunashika maswali matano. Yasikilizeni polepole, na mwenye mtoto wa shule karibu amwite asikilize pia.

Swali la kwanza: jani limekaaje juu ya tawi? Hapa Ankole kila mtu anaijua kahawa. Shika tawi la kahawa. Panapotoka jani moja upande huu, pametoka jani jingine upande wa pili, yanatazamana kama watu wawili mezani. Mpera nao ni hivyo hivyo. Sasa nenda kwenye muhogo. Jani moja limetoka hapa; linalofuata limetoka juu yake kidogo, upande mwingine; la tatu juu zaidi. Yanapanda yakizunguka shina kama ngazi, kila moja na kidato chake. Mwembe ni hivyo hivyo, na mbarika, na mpapai. Kwa swali hili moja umeigawa mimea yote unayoiona katika makundi makubwa: yale yanayokaa kwa pea, na yale yanayokaa moja moja. Lipo na kundi la tatu, nitalifikia.

Swali la pili: kikonyo kinaingia wapi? Kikonyo ni ule mkono unaolishika jani. Katika mbarika, kikonyo hakishiki ukingoni. Kinaingia ndani ya jani lenyewe, upande wa chini, kama mpini wa mwavuli, na jani linatandazwa pande zote. Katika muhogo, vidole vinachanwa karibu mpaka mwisho, navyo vinakutana kwenye ncha ya kikonyo kama vidole vinavyokutana kiganjani. Angalia wepesi wa jaribio hili: unageuza jani chini juu, basi, umeshajua.

Swali la tatu: ukingo ukoje? Pitisha kidole taratibu pembeni ya jani. Kidole cha muhogo ni laini, hakina meno. Mbarika una meno kama msumeno mdogo, kuzunguka jani lote. Mbono kaburi haujachanwa sana. Una pembe tatu au tano zisizo na kina, na shingo yake imeingia ndani kama moyo.

Swali la nne: ukivunja kikonyo, kinatoka nini? Muhogo hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Mpapai nao hutoa maziwa. Mbarika hutoa maji tu. Hapa nawaomba tahadhari. Vunja kikonyo ukiwa umekielekeza mbali na uso, usilambe, na unawe mikono. Ile miti ya mnyaa tunayoizungushia nyumba, isiyo na majani ya kuonekana, yenye vijiti vya kijani tu, maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kuleta madhara makubwa. Utomvu ni shahidi mzuri, lakini hahojiwi kwa ulimi.

Swali la tano: tunda lake ni lipi? Mbarika una vishada vya matunda yenye miiba laini, na ndani ya kila tunda mbegu tatu zinazong'aa, zenye mabaka. Anayefuga ng'ombe akiiona mbegu hiyo atasema ni kupe aliyeshiba damu. Wataalamu wa zamani waliona vivyo hivyo, ndiyo maana jina la kisayansi la mmea huu ni *Ricinus*, neno la Kilatini lenye maana ya kupe. Mbono kaburi una tunda laini lisilo na miiba, kama ndimu changa.

Sasa rudini kwenye picha ya mtoto wa dada yangu. Jani limeshachumwa, limo mkononi. Katika maswali matano niliyowatajia, la kwanza limeshapotea. Siwezi kujua lilikaa wapi, kama lilikuwa na mwenzake upande wa pili au lilikaa peke yake. La nne limeshakauka. La tano limebaki mtini. Jani lililochumwa ni kama mtu anayefika mapokezi bila jamaa wala mzigo. Ukimtazama uso unaona uso tu. Sisi tulioandikishwa tunajua kwamba aliyetufahamu ni yule aliyeuliza: ulikaa wapi, na jirani zako walikuwa akina nani? Ndiyo sababu nasema niletee tawi, si jani.

Wenye elimu hawafanyi tofauti. Katika hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Chuo Kikuu cha Makerere, kinachowekwa si jani moja moja. Ni tawi lenye majani yaliyoshikana, likiwa na maua au matunda inapowezekana, limebandikwa kwenye karatasi na kuandikwa lilipotoka. Na A. B. Katende, Ann Birnie na Bo Tengnäs walipotoa kitabu chao cha miti na vichaka vyenye manufaa vya Uganda mwaka 1995, waliweka michoro ya matawi na majina ya lugha mbalimbali za nchi hii, ili Mnyankole na Mganda wakutane kwenye mchoro hata kama hawakutani kwenye jina.

Tena sura hubadilika. Mwenye shamba la muhogo anaujua ugonjwa wa batobato. Majani yanajikunja, yanapata mabaka ya manjano, vidole vinapinda. Mlipuko mkali wa batobato ulianza hapa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuenea nchi jirani. Jani la mmea mgonjwa halifanani tena na jani la mwenzake mzima. Lakini tazama: mmea ukiugua, majani hayaachi kukaa moja moja kama ngazi, na maziwa hayaachi kuwa meupe. Hata mmea mzima una majani yasiyolingana. Karibu na maua utakuta yenye vidole vitatu, na chini yenye saba. Usiangalie jani moja. Angalia matano, sita, ya juu na ya chini.

Na hata ukiwa na uhakika kwamba ni sombe, kazi haijaisha. Majani ya muhogo yenyewe yana sumu ya sianidi. Mama zetu hawakuisoma darasani, lakini walijua dawa yake: kutwanga sana, kisha kuchemsha kwa muda mrefu. Kinu kinavunja jani ili sumu iachiliwe, moto unaitoa kwa mvuke. Anayeharakisha sombe kwa sababu kuni ni haba anajiweka hatarini. Kama kuni hazitoshi, afadhali siku hiyo upike lengalenga.

Nilisema lipo kundi la tatu. Kundi hili liko njiani, ukitoka Nakivale kwenda Mbarara, kwenye vichaka vya pembeni. Kuna kichaka chenye maua madogo ya rangi nyingi kwa pamoja, manjano na waridi au manjano na nyekundu, shina lake lina pembe nne na vimiiba, na jani lake likisuguliwa linakwaruza na kunuka kwa ukali. Hicho ni lantana iliyoletwa kutoka Amerika ya kitropiki, na imeenea mno. Ng'ombe akiila huugua ini, macho yanakuwa manjano, na ngozi inachubuka anapopigwa na jua. Matunda yake mabichi ni hatari kwa watoto. Lakini hapo hapo kuna nduguye, mwenye maua ya zambarau na matunda ya zambarau ambayo watoto wachungaji huyachuma na kuyala. Ukitazama kwa mbali, majani ni yale yale. Utatofautishaje? Hesabu kwenye kifundo. Lantana ile ya kwanza hukaa majani mawili mawili. Nduguye mara nyingi hukaa matatu matatu, yamezunguka shina kama mafiga. Hilo ndilo kundi la tatu. Mchungaji mdogo anayejua kuhesabu mpaka tatu anaweza kujilinda yeye na kulinda ng'ombe wa baba yake. Lakini mwana, ukiwa na shaka yoyote, tunda liache mtini.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, wazazi. Sumu kali ya mbarika iko kwenye mbegu. Mbegu zake zinapendeza, watoto huzichezea, huzitoboa wakafanya shanga. Mtoto akimeza mbegu nzima, huenda ikapita bila kuvunjika. Akiitafuna, sumu iitwayo risini inaachiliwa, na haina dawa ya kuipinga moja kwa moja. Waganga husaidia mwili upigane. Kutapika, kuharisha na maumivu ya tumbo huweza kuanza baada ya saa chache. Usingoje yaanze. Mpeleke mtoto kituo cha afya, na ukitoka nyumbani kata tawi la mmea aliokula, lenye majani na matunda, ulitie kwenye mfuko uende nalo. Mganga hawezi kuuona mmea kwa maneno yako, hasa ikiwa wewe unaita mbono naye anajua nsogasoga. Atauona kwa tawi.

Kwa nini nasisitiza kuutambua mmea ungali umesimama? Mwezi wa Machi mwaka 2019, huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi hii, watu waliugua na wengine wakafariki baada ya kula unga wa msaada. Uchunguzi ulikuta ndani yake atropini na skopolamini, sumu zinazotoka katika magugu ya jamii ya datura, yale yenye maua kama tarumbeta na tunda la miiba. Gugu kama hilo likiwa shambani, hata mtoto anaweza kulinyooshea kidole. Likishavunwa pamoja na mazao, mbegu zimechanganyika, zimesagwa, zimefungwa kwenye magunia, hakuna jicho linaloweza kulitenga tena. Kila hatua mmea unapotolewa kwao, ushahidi wake unapungua. Anayepalilia ndiye mlinzi wa kwanza wa mlaji.

Basi nirudi Kanada, maana mtoto wa dada yangu alinisikia. Siku mbili baadaye alileta picha ya tawi. Nilipoliona tu nikatabasamu. Majani ya vidole vitano yamekaa mawili mawili, yanatazamana. Ndugu zangu, mti ule una sura ya muhogo lakini unakaa kama kahawa. Hauwezi kuwa jamaa ya sombe.

Mti ule ni mepo. Jani lake ndilo mnaloliona katikati ya bendera ya Kanada, bendera iliyoanza kutumika tarehe 15 Februari 1965. Jamii ya mepo ina aina zaidi ya 100, karibu zote za kaskazini mwa dunia, na hakuna hata moja iliyo asili ya nchi zetu hizi. Zote hukaa majani kwa pea. Aina moja, mepo wa sukari, hutobolewa shina majira ya baridi yanapoisha, maji yake yakachemshwa mpaka yakawa asali ya mti. Lita 40 hivi za maji hutoa lita moja tu ya asali.

Lakini kukaa kwa pea peke yake hakutoshi. Kahawa na mpera nazo hukaa hivyo. Nikamwuliza swali la nne: vunja kikonyo, kinatoka nini? Akajibu kwa mshangao: “Mama mdogo, maziwa, kama muhogo!” Hapo nikajua mepo yupi. Huyu ni mepo wa Norwe, aliyetoka Ulaya na kupandwa katika miji mingi ya Amerika ya Kaskazini. Mepo wa sukari hana maziwa. Kikonyo chake hutoa maji maangavu. Wenyeji wa huko hutenganisha miti hii miwili kwa jaribio lile lile ambalo sisi hutenganisha muhogo na mbarika.

Na wao pia wana vichaka vinavyowachanganya. Kipo kichaka cha msituni chenye majani ya pembe tatu, yamekaa kwa pea kabisa kama mepo, hata wataalamu wakakiita *Viburnum acerifolium*, yaani chenye majani ya mepo. Kinachokitoa ni swali la tano: kinazaa vitunda vidogo vya duara, wakati mepo huzaa mbegu zenye mabawa, mbili mbili zimeungana, zinazozunguka angani zikianguka.

Majina nayo yamehangaika huko kama yanavyohangaika kwetu. Mnakumbuka Zakayo katika Injili ya Luka, aliyepanda juu ya mkuyu ili amwone Yesu. Jina la Kigiriki la mkuyu ule lilisafiri mpaka Uingereza, ambako haukuwepo mkuyu, likapewa aina moja ya mepo. Likavuka bahari mpaka Marekani, likapewa mti wa tatu, mplatani, ambao jani lake linafanana na la mepo lakini linakaa moja moja. Jina moja, miti mitatu, mabara matatu. Mkuyu wenyewe haukuhama. Umo mpaka leo katika mabonde ya Uganda.

Ndiyo nikamwambia mtoto wa dada yangu hivi: jina la mti huo waulize majirani zako, ni wenyeji wako, watakufundisha. Lakini maswali hayo matano ulitoka nayo kwetu. Uliyabeba bila kulipia mzigo, na yanafanya kazi katika udongo wowote.

Wasikilizaji, nawaachia kazi ndogo. Leo jioni, kabla giza halijaingia, toka na watoto wako. Tafuteni matawi matatu kuzunguka nyumba: moja la kahawa au mpera, moja la muhogo, moja la mbarika. Mbarika mtu mzima ndiye alishike, na mbegu zake zibaki mbali. Wekeni matawi mkekani. Kila mtoto aseme majani yamekaaje, kikonyo kimeingia wapi, ukingo ukoje. Jirani wa lugha nyingine akipita, mwiteni aseme kwao mmea huo unaitwaje.

Yule mama wa kikapu bado ni jirani yangu. Siku hizi vijana wapya wakifika mtaani kwetu, yeye ndiye huwafundisha kuchuma sombe. Huwa hawaambii watafute vidole. Huwapeleka mpaka kwenye shamba la muhogo, anainamisha shina mbele yao bila kulichuma jani, anaonyesha ngazi ya majani kwa kidole, kidato baada ya kidato, kisha anawaambia: mmeona linavyokaa? Sasa chumeni.